Juu ya Ushahidi wa Kingamwili katika Maradhi ya Kuvu
Mhadhara wa umma, Frere Town, Mombasa



Ninyi mkaao hapa Kengeleni mwajua kunishinda habari za ile kengele ya wamisionari, ambao waliuanzisha mji huu mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Yasimuliwa kuwa iligongwa kila yalipoonekana majahazi ya wauza watu. Nafikiri juu ya mgeni aliyewasili jioni akakuta watu wangali wamejificha: kwa habari ya mlio peke yake hakuweza kujua kama jahazi lipo mlangoni mwa bandari au limekwisha kwenda zake tangu alfajiri.

Kingamwili zilizomo damuni ni mlio wa namna hiyo. Mwili hauzifanyi siku ileile kuvu iingiapo, bali baada ya majuma, na zikisha kupatikana hudumu miezi, pengine miaka, mgonjwa akiwa amekwisha pona; kadhalika kingamwili za kuvu moja huweza kuitikia wito wa kuvu nyingine. Tena tutazame maisha yetu ya pwani. Mama apasuaye mbata akaona utando wa kijani, akaupangusa kwa pindo la kanga, amekwisha vuta chembe zisizo idadi za kuvu iitwayo aspajilasi, na kesho atavuta nyingine. Damu yake ina mengi ya kusimulia, ilhali yeye ni mzima. Kwa hiyo kiwango cha kingamwili cha kumtambulisha mgonjwa, kilichokadiriwa kwa damu ya watu wa Ulaya, hakistahili kuaminiwa hapa kabla hakijajaribiwa kwa wazima wetu.

Kuna na kengele inyamazayo jahazi likiwa limekwisha tia nanga. Homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu ya kriptokokasi huwashika hasa wale waliodhoofishwa na VVU, nao ndio ambao miili yao aghalabu haina nguvu ya kufanya kingamwili za kutosha. Matabibu wakaacha kuuuliza mwili, wakaiuliza kuvu yenyewe, yaani sukari za ganda lake zielezo damuni, ziitwazo antijeni. Watafiti wa Entebbe walionyesha mwaka 2002 kuwa antijeni hiyo hutangulia dalili kwa siku 22, kwa kipimo cha kati. Leo ukanda mwembamba hutiwa katika kichupa chenye tone la maji ya damu, na baada ya dakika 10 hutokea mistari miwili, au mmoja tu ikiwa hamna kitu. Nimeutazama miaka mingi, wala sijauzoea.

Walakini insafu yakataza kuvitupa vipimo vya kingamwili. Aspajilasi sugu ya mapafu, ikaayo katika pango lililoachwa na kifua kikuu, haionyeshi antijeni vizuri damuni, na makohozi mara nyingi hayaotishi kitu. Hapo kingamwili ndizo shahidi bora tuliye naye. Hata hivyo wale waliowachunguza watu 398 waliokwisha tibiwa kifua kikuu huko Gulu, Uganda, wakachapisha habari zao mwaka 2019, hawakumhukumu mtu kwa damu peke yake: walitaka na picha ya kifua, na dalili za muda mrefu. Wenye mapango walipata maradhi hayo kwa kadiri ya asilimia 6.5 kila mwaka. Wasio na mapango, asilimia 0.2.

Mimi, karatasi ya majibu ya damu iletwapo mezani, huilaza kifudifudi kwanza, nikamwuliza mgonjwa kama bado atema damu, na tangu lini.