Aibu ya Zumaridi na Amana ya Muuzaji

Zumaridi ni kito ambacho Warumi walikitafuta katika majabali ya Misri karibu na Bahari ya Shamu, na mawe yake matatu makubwa ndiyo aliyoyapachika Sultani Mahmud wa Kwanza wa Istanbul katika mpini wa jambia alilokusudia liwe hadiya kwa Nadir Shah wa Uajemi mwaka 1747, hadiya isiyofika, kwa kuwa mpelekewa aliuawa ujumbe ungali njiani, na jambia likarejeshwa katika hazina ya jumba la Topkapi, ambako lipo hata leo. Lakini nia yetu si kusimulia fahari za masultani. Tunataka kumnasihi mtu wa kawaida, aliyedunduliza akiba yake hata akaweza kuingia katika duka la sonara, Arusha au Mombasa au Dubai, akaonyeshwa pete yenye jiwe la kijani linalometameta, wala asiambiwe kwamba ndani ya jiwe lile mna mafuta.

Mafuta hayo yana sababu yake. Zumaridi ni jamii ya madini yaitwayo berili, na rangi yake huipata kwa kromiamu na vanadi, vitu ambavyo kwa desturi havikai katika mwamba mmoja na asili ya berili. Kwa hiyo hapana budi ardhi isukumane, miamba ipasuke na maji ya moto yapenye, ndipo hivyo viwili vikutane, na msukosuko ule ule unaolipa jiwe rangi ndio unaoliachia nyufa. Ndivyo ilivyo kwa zumaridi za Kafubu nchini Zambia, ndivyo ilivyo kwa zetu za Ziwa Manyara, wala zile za Muzo nchini Kolombia, zinazosifiwa duniani kote, hazikusalimika. Kwa ugumu kito hiki kipo kati ya 7.5 na 8 katika kipimo ambacho almasi ni 10, na hivyo hakikwaruziki upesi. Walakini kutokwaruzika si kutovunjika, na jiwe gumu lenye nyufa laweza kuachana kwa pigo moja.

Ufa huonekana kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake, kwani nuru ikitoka katika jiwe na kukutana na hewa hupinda na kurudi nyuma, na jicho likaona utando mweupe. Mafundi wa vito waliligundua hilo tangu zamani, wakawa wanaliosha jiwe, wanaliondolea hewa, kisha wanalizamisha katika mafuta ya mwerezi yaliyopashwa moto kidogo, ambayo hupindisha nuru kwa kiasi kinachokaribia kile cha zumaridi yenyewe, hata ufa ukafifia machoni ingawa haukuondoka. Siku hizi wengine hutumia resini za viwandani, ambazo huficha zaidi na kukaa zaidi, na wengine, hawa wasio na haya, hutia rangi ya kijani katika mafuta ili jiwe lililopauka lipate rangi ambayo Mungu hakulijalia.

Je, kutia mafuta ni haramu? La. Zumaridi nyingi sana zinazouzwa ulimwenguni zimetiwa kitu, na anayezikataa zote hujinyima bure, kwani isiyotiwa chochote nayo ikawa safi ni adimu, na bei yake ni ya matajiri. Haramu ni kunyamaza. Imepokewa kwamba Mtume alipita sokoni penye fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji uliofichwa chini ya nafaka kavu, naye akamkemea mwenye mali kwa kutoiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Kutokana na msingi huo mafakihi wakathibitisha hiari ya mnunuzi kurudisha kitu alichouziwa kwa aibu iliyofichwa. Nazo kanuni za biashara za Marekani, zilizotoka katika chimbuko jingine kabisa, zinamtaka muuzaji aeleze lililofanyiwa kito iwapo halidumu, au linahitaji utunzaji wa namna yake, au linabadilisha thamani.

Basi wewe mnunuzi, liombe jiwe ulitazame nje ya taa za duka, katika mwanga wa mchana, kwa lenzi inayokuza mara 10, ukiligeuza polepole. Ukiona mmweko wa buluu au wa rangi ya chungwa ukipita katika ufa, huenda ni resini. Ukiona kijani kimejikusanya katika mistari ya nyufa, na pengine pote pamepauka, shuku rangi. Na karatasi iliyofungiwa jiwe ikiwa na doa la mafuta, imekwisha kutoa ushahidi. Kwa jiwe la bei kubwa usitosheke na macho yako: dai hati ya maabara, isemayo kama kilichotiwa ni mafuta au resini, na kama ni kidogo, cha wastani, au kingi, kwa sababu mawe mawili yanayofanana machoni hayawi na bei moja ikiwa moja limetiwa kidogo na la pili limejazwa.

Ukisha kulinunua, litunze kwa mujibu wa hali yake. Livue kabla ya kupika na kabla ya kufua, kwa kuwa joto na sabuni kali huyatoa mafuta. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kwa brashi nyororo, ulifute kwa kitambaa. Usikubali litiwe katika mashine ya kusafishia kwa mtetemo, wala kwa mvuke, wala lisiguswe na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Pete ikihitaji kulehemiwa, mwambie sonara alitoe jiwe kwanza, ndipo awashe moto. Usilichanganye katika kijaluba kimoja na almasi au yakuti, zilizo ngumu kulipita. Na likififia baada ya miaka, usidhani limekufa: mafuta yaliyokauka hutolewa na fundi stadi akatia mengine, ila resini iliyoganda ni taabu kuiondoa.

Neno la mwisho ni kwa pande zote mbili. Muuzaji, sema kilichomo ndani ya jiwe kabla hujaulizwa. Mnunuzi, uliza hata kama umeambiwa, na jibu liandikwe katika risiti kwa jina lake, mafuta au resini, pamoja na kiasi chake. Na asiyekubali kuliandika, usimpe fedha yako.