Gari Moja, Dereva Mmoja

Tangazo la Mei Mosi lililotolewa Singida mwaka 2025 mlilisikia, na bila shaka mlilijadili vibarazani na makazini. Kwa hiyo hatutalirudia ila kwa hesabu yake tu, kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000, kuanzia mwezi wa Julai mwaka huo. Ni jambo la kushukuriwa, nasi tunalishukuru bila ya kinyongo. Lakini ujira wa mtu haupimwi kwa fedha anayoipokea peke yake, hupimwa pia kwa saa anazozitoa ili aipate. Na katika habari ya saa za watumishi wanaosafiri na magari ya wagonjwa, usiku na mchana, hatukusikia neno.

Katika wilaya nyingi za nchi yetu gari la wagonjwa halina kikosi chake. Lina dereva, na pindi rufaa inapoandikwa, muuguzi mmoja hutolewa wodini amsindikize mgonjwa, na wodi aliyoiacha hubaki mikononi mwa mwenzake ambaye tangu hapo alikuwa amelemewa. Itazameni safari ya Tunduru kwenda Songea, ambayo ni zaidi ya kilomita 200. Mama aliyejifungua na kutokwa na damu nyingi amelazwa juu ya machela, dripu imetundikwa, na muuguzi amepiga magoti sakafuni, mkono mmoja ukishika chuma asije akaangushwa na kona, mkono wa pili ukilikanda tumbo la mzazi ili damu ikome. Wakifika, mgonjwa hupokewa, na watu wengi hudhani kwamba kazi imekwisha. Haijakwisha hata kidogo. Sakafu haina budi kuoshwa damu, machela isubiriwe mpaka iachiwe, mtungi wa oksijeni utazamwe kama umesalia na kitu, kisha safari ile ile ianze kurudi usiku ule ule, kwa kuwa huko walikotoka hakuna gari jingine, na hata likiwapo, hakuna wa kuliendesha. Gari moja, dereva mmoja. Muuguzi aweza kujinyoosha kidogo juu ya machela ile ile. Dereva hana wasaa huo.

Na asubuhi je? Asubuhi jina la dereva limo katika ratiba ya zamu, kwani ratiba haikuandikwa na mtu aliyesafiri naye.

Haya si mambo yaliyoachwa bila sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mpaka wa saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Imekataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, pamoja na saa za ziada. Imeamuru saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na kazi ya usiku iongezewe asilimia 5. Na fauka ya hayo imempa mfanyakazi haki ya saa 12 mfululizo za kupumzika baina ya siku na siku. Ni kweli kwamba sheria hiyo hiyo imeacha mlango kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa katika saa za kawaida. Katika mlango huo ndimo kinamopitishwa kila kitu. Lakini dharura ni ya mgonjwa, ambaye hakujua jioni kwamba usiku wa manane atapigania roho yake. Haiwi dharura ya mpanga zamu, ambaye anajua fika kwamba usiku wa leo, na wa kesho, na wa kesho kutwa, simu italia. Jambo linalotazamiwa kila usiku yapasa liandaliwe mtu wake, na mtu huyo apewe siku yake ya kulala. Gari moja, dereva mmoja, si dharura; ni mpango mbaya uliozoeleka.

Wako watakaosema kwamba watu hawa ni wavumilivu na wamezoea. Usingizi hauzoeleki. Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa wataalamu Dawson na Reid, ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa mkono na jicho kwa kadiri ya mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu yake, na kwamba akifikisha saa 24 hali yake huwa mbaya zaidi ya hapo. Barabarani tunao askari wa kumpima dereva ulevi. Wa kumpima usingizi hatunaye. Na gari lile, wasikilizaji, ndani yake mna watu wasioweza kujiokoa.

Tena isisemwe kwamba malipo ya safari za usiku ni hesabu ngumu. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umetufundisha kinyume chake. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipatwa na hatari, simu hupigwa namba 115 bila ya malipo. Mratibu akikosa gari la wagonjwa lililo karibu, humwita dereva wa jamii mwenye gari lake, na dereva huyo, akishamfikisha mgonjwa kituoni, hulipwa kwa simu hapo hapo. Safari imehesabiwa, imepewa thamani yake, na imelipwa kabla injini haijapoa. Heko kwa waliolibuni jambo hilo. Basi ni kwa insafu gani dereva aliyeajiriwa, aliyekwenda njia ile ile usiku ule ule, ajaze fomu ya saa za ziada, aipeleke kwa mhasibu, kisha aambiwe kwamba fungu limekwisha na angoje robo ijayo? Na muuguzi aliyepiga magoti, ambaye posho yake ya kuitwa kazini huingia katika malimbikizo, amekosa nini?

Tunajua kwamba halmashauri hazina fedha za kumwaga. Tunajua pia kwamba gari jipya hukabidhiwa kwa hotuba, likapigwa picha na kuzungushwa mjini, ilhali mtu wa kuliendesha usiku hatajwi. Gari moja, dereva mmoja: hivyo ndivyo lilivyokabidhiwa, na hivyo ndivyo litakavyochakaa.

Waheshimiwa wabunge, mnapoulizwa idadi ya magari, nanyi ulizeni idadi ya madereva na wauguzi waliopangiwa magari hayo, na saa wanazolala. Vyama vya wafanyakazi, TUGHE na TALGWU, msirudi nyumbani na asilimia 35.1 mkadhani kwamba shughuli imekwisha. Ingieni katika mabaraza ya wafanyakazi, daini ratiba ibandikwe ukutani, daini saa za ziada zilipwe kwa mwezi wake, daini anayerejea alfajiri asiitwe asubuhi. Wakurugenzi wa halmashauri, msingoje bajeti. Kalamu ya kuandika zamu haihitaji kibali cha Hazina. Nawe msikilizaji, siku diwani wako atakapokuja kukuonyesha gari jeupe lenye taa, usipige makofi mpaka akutajie jina la dereva wa pili, na la muuguzi wake. Na akishindwa kukutajia, muulize tena mbele za watu, na mkutano ujao umuulize tena.