Waislamu wa Ureno na Neno Lililobaki



Ndugu zangu katika imani, Mreno anapotumai jambo husema "oxalá", nalo hutamkwa "oshala". Lisikilizeni vyema. Wataalamu wa lugha hulirejesha kwenye kauli ya Kiarabu ya kulitegemeza jambo kwenye matakwa ya Allah, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Kahf tunapotaja la kesho. Mreno hulitamka bila ya kukusudia lolote katika hayo. Mafuta ya zeituni huyaita "azeite", yaani az-zayt. Mchele ni "arroz", ar-ruzz. Mshonaji ni "alfaiate", al-khayyat. Na jimbo lake la kusini, Algarve, ni al-Gharb, Magharibi.

Maneno haya hayakuletwa na wapita njia. Waislamu waliitawala sehemu kubwa ya nchi ile tangu karne ya 8. Lisbon ilitekwa mwaka 1147, na Faro mwaka 1249. Hata baada ya hapo Waislamu waliendelea kuishi chini ya wafalme wa Kikristo, katika mitaa yao. Mjini Mértola limo kanisa ambalo ndani yake mihrabu ya msikiti wa zamani ingali inaonekana.

Kisha, Disemba 1496, Mfalme Manuel I akaamuru Mayahudi na Waislamu waondoke. Ni yeye huyo aliyemtuma Vasco da Gama mwaka 1497. Na merikebu zilipofika Msumbiji na Mombasa mwaka 1498, zilimchukua mkalimani, Fernão Martins, kwa kuwa alijua Kiarabu! Lugha ya waliofukuzwa nyumbani ndiyo iliyohitajiwa ugenini.

Hapa ndipo pa kutisha, ndugu zangu. Watu waliondoka, elimu ikaondoka, neno likabaki. Na neno peke yake halikumfundisha Mreno hata rakaa moja. Je, "inshaallah" ya fundi asiyekusudia kuja kesho ina tofauti gani na "oxalá"? Mreno ana udhuru, hakufundishwa. Sisi tumesomeshwa tangu chuoni.

Waislamu walirudi kwa njia asiyoidhania Manuel. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, familia nyingi za Kiislamu zilihamia Lisbon, na Msikiti Mkuu wa mji huo ukafunguliwa mwaka 1985. Walifika na Kireno tayari ulimini, "oxalá" na "inshaallah" pamoja.