MWANANCHI HAWINDWI
Hotuba kwa wananchi wa Lufingo, Rungwe



Nimeombwa niseme juu ya neno ambalo wengi hulinong'ona tu: habari za wanaume wapendao wanaume, wanawake wapendao wanawake, na watu waliozaliwa wakaitwa wanaume nao wakajiona wanawake, au kinyume chake. Neno hili linatugawa. Basi tulizungumze kwa adabu.

Wako wanaosema jambo hili limeletwa na Wazungu. Wengine hujibu kwamba sheria ya kulikataza ndiyo iliyoletwa na Wazungu. Tupime maneno ya pande zote mbili.

Kifungu cha 154 cha sheria ya adhabu asili yake ni serikali ya Kiingereza, mwaka 1930. Lakini mwaka 1998 Bunge letu wenyewe liliikaza adhabu: kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Hatuwezi kumtwika Mwingereza mzigo wote.

Ama mila, Rungwe tunayo ya kwetu. Mama Monica Wilson na mumewe waliishi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Mwaka 1951 alitoa kitabu juu ya vijiji vya rika, ambavyo vijana walijijengea kando ya baba zao. Humo alieleza kwamba mapenzi baina ya vijana waume yalijulikana. Yalihesabiwa mambo ya ujana, ya kwisha kwa ndoa; kwa mtu mzima yalikuwa aibu. Wazee wale hawakukubali yanayodaiwa leo, lakini jambo lenyewe halikuwa geni kwao.

Kwa hiyo neno "la kigeni" halimalizi shauri. Shauri ni hili: tumtendeeje mwenzetu?

Februari 2017 vituo 40 vilizuiwa kutoa huduma maalumu za UKIMWI zilizowafikia watu hawa. Oktoba 2018 Bwana Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, akawataka wananchi wampe majina. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo ni maoni yake, si msimamo wa Serikali. Lakini hofu ilikwisha kuingia. Nauliza: mgonjwa akiogopa zahanati, ugonjwa utakwenda wapi? Utarudi naye nyumbani, kwa mwenziwe na kwa mtoto atakayezaliwa.

Mwezi huo huo Denmark ilizuia sehemu ya misaada yake. Wengi walikasirika, wakasema hatuamrishwi kwa fedha. Nami nasema hatuamrishwi kwa fedha. Lakini basi tusingoje mfadhili atukumbushe utu wa jirani yetu. Deni hilo ni letu sisi kwa sisi.

Anayetaka sheria ibaki na aseme. Anayetaka ifutwe na aseme, wala asitukanwe. Mahali pa shauri hilo ni barazani na Bungeni, si gizani kwa marungu. Mpaka litakapoamuliwa, mtu asipigwe, asifukuzwe shambani kwa baba yake, asinyimwe dawa, wala jina lake lisipelekwe kwa siri. Katiba yetu, ibara ya 12, yasema kila mtu anastahili heshima. Haikumtoa mtu.

Adui zetu ni ujinga, umaskini na maradhi. Mwananchi hawindwi.