Kifundo Kilichoungwa na Wajibu wa Dereva
Hotuba kwa madereva na wananchi wa Busiu



Busiu imekaa kando ya barabara kuu itokayo Tororo kwenda Mbale. Malori yaliyovuka mpaka wa Malaba hupita hapa usiku na mchana, na katikati yake hupita boda boda zetu, baiskeli na watoto waendao shule. Katika barabara kama hii, mguu wa dereva ni amana ya watu wengi.

Leo nitasema juu ya ndugu zetu waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha mifupa ya kifundo cha mguu. Kiungo kilichoharibika, mara nyingi kwa ajali ya zamani, hufungwa kwa skrubu au vyuma ili mifupa iote pamoja na iwe mfupa mmoja. Maumivu hupungua, lakini kifundo hakikunjiki tena kama zamani. Aliyezoea kuhamisha ncha ya mguu kutoka pedali ya mafuta hadi breki, sasa hulazimika kuuinua mguu mzima kwa nguvu ya goti na nyonga. Jambo hilo hufunzika, ila halifunziki kwa siku moja.

Tupige hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde. Mguu ukichelewa nusu sekunde tu kufika kwenye breki, gari limekwisha kwenda mita 11 zaidi. Ndani ya mita hizo huenda yumo mtoto anayevuka.

Mwenye lori la gia hutumia mguu wa kulia kwa mafuta na breki, na wa kushoto kwa klachi. Kwa hiyo asidhani kuwa upasuaji wa kushoto haumhusu. Hata aendaye Sudan Kusini au Kongo, ambako hupita upande wa kulia wa barabara, breki hubaki kwa mguu wa kulia. Mwendesha boda boda naye hana mguu wa akiba: katika pikipiki nyingi wa kushoto hubadili gia, wa kulia hukanyaga breki ya nyuma, na yote miwili hushika ardhi asimamapo na abiria.

Najua mnavyoniuliza moyoni: mkopo wa pikipiki utalipwa na nani, na ada ya shule itatoka wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini anayerudi barabarani kabla ya mfupa kushika huhatarisha upasuaji wenyewe, na huenda akarudi hospitalini na deni la pili.

Basi nawasihi haya. Usiendeshe ukiwa na plasta au kiatu cha matibabu mguuni. Usiendeshe ukiwa umemeza dawa ya maumivu iletayo usingizi. Mara nyingi mifupa huhitaji miezi mitatu hivi, na wengine zaidi. Atakayeamua ni daktari baada ya kutazama picha ya eksirei. Uvutaji wa sigara huchelewesha mfupa kuunga. Ukisharuhusiwa, jaribu kwanza gari likiwa limezimwa: kanyaga breki kwa nguvu, tena na tena, bila maumivu wala kusita. Kisha fanya mazoezi uwanjani, pamoja na dereva mzoefu, bila abiria.

Nanyi wenye magari na viongozi wa stendi, mtunzieni mwenzenu nafasi yake. Mpeni kazi ya kukaa kwa muda, asilazimike kuficha maumivu yake kwa kuogopa kufukuzwa.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wengi huunganishwa kifundo na hurejea kwenye usukani salama. Tunachowaomba ni subira ya miezi michache, ili wote tufike.