Mfarishi wa Viraka
Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na jamaa za mitaa, siku za Jubilii



Nimeamriwa kunena habari ya kazi ya mikono ya nyumbani, nami nimechagua mfarishi wa viraka. Mfarishi ni nguo nzito ya kujifunika kitandani, yenye matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja: juu vipande vya rangi nyingi, katikati kitu cha kuleta joto, na chini nguo moja nzima. Labda wako wanaostaajabu mwanamume kunena habari ya sindano. Walakini washonaji wa kanzu tangu zamani ni wanaume, wala hakuna anayewacheka.

Mwajua jinsi jambo hili lilivyoanza. Mitaa yetu iliazimu kuwapatia nguo za kujifunika wazee na wagonjwa wasio na mtu, kabla ya baridi ya Juni, iwe sadaka yetu ya Jubilii. Fedha ya kuwanunulia wote mablanketi haikutosha. Mama wakasema, Tunazo nguo masandukuni. Ndipo yakazuka maneno. Wako waliosema ya kuwa kiraka ni alama ya ufukara, na kumpelekea mzee nguo ya viraka siku ya sikukuu ni kumtukana. Neno hili si la kupuuzwa, maana wengi wetu tulivaa viraka shuleni tukachekwa, na kicheko kile hakisahauliki upesi. Basi, yafaa lijibiwe kwa heshima.

Kiraka kiko cha namna mbili. Kiko kinachoziba tundu. Hicho huwekwa ili nguo ya zamani iendelee kidogo, na mtu hukificha akiweza. Na kiko kipande kinachokatwa kwa kipimo, kikaungwa na vingine, ikapatikana nguo ambayo jana haikuwako. Hiki hakifichi kitu. Nanyi mama mnaoona aibu, itazameni kanga mliyojifunga. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea mwisho, leso za mkononi zililetwa pwani katika jora, zikifuatana, hazijakatwa. Husimuliwa kwamba wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso tatu tatu, wakaunga vipande viwili, wakapata nguo moja ya leso sita. Hata leo watu wa Mombasa huiita kanga leso. Basi vazi tunalolipeleka arusini na msibani lilianza kwa mwanamke aliyekaa nyumbani na sindano, akiunga vipande.

Nitaleta na mfano wa mbali, kwa ajili ya walimu hasa. Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, alikuwako mwanamke mweusi, jina lake Harriet Powers. Alizaliwa utumwani mwaka 1837, akafa 1910 akiwa huru. Alishona mfarishi wenye picha 11 za Biblia, kila picha imekatwa katika nguo na kushonewa mahali pake: Adamu na Hawa bustanini, Kaini na Habili, ndoto ya Yakobo, Ubatizo wa Bwana, Karamu ya mwisho, Yuda na vipande vyake vya fedha, na Msalaba. Mwaka 1886 mfarishi ule uliwekwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Mwalimu mmoja wa kuchora, Jennie Smith, akataka kuununua. Harriet akakataa kwa bei yo yote. Miaka michache baadaye shida ikamshika. Akaja kwa gari la ng'ombe, ameupakata mfarishi ndani ya gunia safi, akataka dola 10. Mwalimu alikuwa na dola 5 tu. Akashauriana na mumewe, akauza. Lakini kabla ya kuondoka alieleza kila picha maana yake, na mwalimu akaandika. Tena baadaye alirudi mara kadha kuutazama. Sasa umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa huko Washington. Wa pili, wenye picha 15, uko Boston. Na humo alitia hata nyota zilizoanguka usiku wa Novemba 1833, kabla hajazaliwa. Bila shaka alisimuliwa na waliomtangulia. Walimu, mwaona kwamba huyu alifundisha katekismo kwa mikasi.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Bwana wetu aliponena habari ya kiraka kipya katika vazi kuukuu, kila mwanamke aliyemsikia aliielewa, kwa kuwa nguo mpya ikifuliwa hurudi, ikaivuta ile ya zamani na kuipasua. Kwa hiyo nguo zote, mpya na za zamani, zifuliwe kwanza na kuanikwa. Kaniki na nguo nyekundu ziloweshwe peke yake; zikiwa zatoa rangi hata mara ya tatu, ziachwe. Kisha shika kila nguo kwa mikono miwili, uvute kwa nguvu, urefu na upana. Ikipasuka, ni ya kufutia meza. Katika jambo hili msioneane haya. Mwenye kuleta nguo iliyooza arudishiwe kwa upole, maana mfarishi utakaochanika Agosti utawapa haki wale waliosema kwamba tunatukana wazee.

Vipande vikatwe kwa kipimo cha karatasi ngumu, inchi 6 kila upande, kwa kufuata uzi wa nguo, si mshazari, kwani mshazari huvutika. Mshono utakula robo inchi kila upande. Zitabaki inchi 5 na nusu. Mistari 15 yenye vipande 12 ni vipande 180, na mfarishi utapata upana wa inchi 66 na urefu wa inchi 82 na nusu. Watoto waifanye hesabu hii ubaoni kabla ya kukata.

Msishone hata kipande kimoja mpaka vyote vimepangwa juu ya mkeka. Simama mbali, ufinye macho. Rangi mbili kali zikikaa pamoja hugombana. Tia kati yake merikani au bluu iliyofifia. Nimeona watoto wakipanga vizuri kuliko mama zao, labda kwa sababu hawana nguo waipendayo zaidi. Yaliyosalia mwayajua: unga mistari, unga mstari kwa mstari, weka blanketi kuukuu katikati na merikani chini, piga bandi, ndipo upitishe uzi katika matabaka yote.

Neno moja zaidi, nalo ni zito. Asikate mtu nguo ya mwenziwe pasipo ruhusa, wala nguo za marehemu watoto wake wasipokubali. Mama mmoja wa mtaa wetu alileta kanga za binti yake aliyefariki, akaziweka mezani, kisha akazichukua tena. Hakuna aliyemwuliza. Juma la pili alirudi na pindo peke yake; mji na maneno yake amebaki nayo nyumbani. Pindo zile zimetosha mistari miwili.

Na akitokea mzee asiyetaka mfarishi wa viraka, asibishwe. Fedha ya mablanketi machache ipo, apewe lake.

Kazi itaanza Jumamosi baada ya Misa, katika nyumba ya shule. Walimu walete mikasi na karatasi za kipimo. Pembeni mwa kila mfarishi kishonwe kipande cha merikani, kiandikwe kwa uzi jina la mtaa na mwaka wa Jubilii; majina ya watoaji yasiandikwe. Asiye na nguo ya kutoa na alete uzi mweupe, namba 40, maana huo ndio utakaotuishia kwanza.