Rufaa ya majini

Msikilizaji, Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, wengi tulizungumzia malori na mabasi. Mimi niliwafikiria waganga wa Sengerema. Kwa miaka na miaka, mgonjwa wao wa rufaa alifikishwa Busisi, gari likazima injini, kivuko kikasubiriwa, huku Hospitali ya Bugando, Mwanza, iko ng'ambo. Leo maji yale ya kama kilomita tatu yanavukwa kwa dakika chache.

Visiwani Ukerewe na Ukara hakuna daraja. Mganga wa kule bado huanza na swali ambalo chuo hakimfundishi: ziwa limekaaje leo?

Chukulia usiku wa upepo. Mama analetwa kutoka mwaloni Ukara, mtoto amelala kimshazari tumboni. Mganga anapima kundi la damu, anafungua jokofu: ipo chupa moja, na si ya kundi lake. Ama ndugu waamshwe watoe damu apasuliwe hapo hapo, ama apandishwe boti hadi Bugolora, kisiwani Ukerewe, kisha gari hadi hospitali ya Nansio. Nansio nao wakishindwa, Mwanza ni karibu saa tatu kwa meli, kama meli ipo.

Na anayeshika kisu mara nyingi si daktari wa shahada. Ni daktari msaidizi, tabibu aliyerudi darasani akafundishwa upasuaji, utaratibu ulioanza miaka ya 1960. Kijijini wote ni "dokta", na kwa mizani yangu, hawa wamestahili jina hilo kuliko baadhi yetu tunaolipenda kwenye kadi za mwaliko.

Asubuhi anakuja mvuvi anayetapika damu. Nyumbani wameshaamua kuwa amerogwa. Ni kichocho cha tumbo: vijidudu vilipenya ngozi alipokuwa majini, vikakua minyoo, mayai yakakwama kwenye ini miaka mingi hadi likawa gumu. Damu ikikosa pa kupita huvimbisha mishipa ya koo la chakula, mmoja ukapasuka. Dawa ya praziquantel huua minyoo, haizibi mshipa. Kipimo cha kamera cha kuufikia na kuufunga kipo Bugando. Tumerudi majini.

Tunakumbuka Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa. Michango ya rambirambi ikasaidia kukipanua Kituo cha Afya Bwisya kisiwani humo. Ni jambo jema, ingawa najiuliza kwa nini wodi isubiri msiba.

Upande wa usafiri tumepiga hatua. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, humpa mjamzito namba 115, simu ya bure, na dereva wa jirani aliyesajiliwa humfuata hata kama gari la wagonjwa liko mbali. Barabarani, teksi hazikosekani. Ziwani, mwenye boti yuko kwenye dagaa usiku huo huo anaohitajika.

Kwa hiyo madiwani wa Ukerewe, mkikaa kupitisha bajeti, tusomeeni fungu la boti: petroli ni lita ngapi, injini ya akiba iko wapi, na nahodha wa zamu ya usiku analipwa na nani.